Kutoka Mchanga hadi Makinikia: Tafsiri ya Kiingereza cha Mgodini Kati ya Shinyanga na Geita

Mtu akitaja tafsiri katika kurasa kama hizi, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye fasihi: tamthilia za Shakespeare alizozitafsiri Mwalimu Nyerere, au riwaya za Kiafrika zilizoandikwa kwa Kiingereza na kuletwa kwa Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuitoa mada hii darasani na kuipeleka machimboni, katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama mkoani Shinyanga na kuendelea hadi Geita. Huko watu hawatafsiri kwa ajili ya mtihani. Wanatafsiri ili mtu ajue kama shamba lake litalipwa, kama jiwe aliloliokota ni mali yake au ni wizi, na kama nchi imeuza mchanga au imeuza dhahabu.

Nitashughulikia zaidi maneno na nahau za Kiingereza zinavyoingia katika Kiswahili. Kifaransa, ambacho ninakisoma sambamba na Kiswahili, nitakiita hapa na pale kama shahidi. Sababu yangu ni hii: anayetafsiri kutoka Kiingereza bila kujua lugha nyingine ya Ulaya huelekea kuamini kwamba Kiingereza ndicho kilichokiona kitu chenyewe, na kazi yetu sisi ni kukifuata nyuma. Ukimweka Mfaransa pembeni, unagundua kuwa Mwingereza naye alikuwa amechagua upande wa kusimama.

Tuanze na mfano ambao kila mwanafunzi wa fasihi anaufahamu. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi. Tangu hapo wahakiki hawakosi kusema kwamba amegeuza wafanyabiashara kuwa mabepari kwa sababu ya siasa za Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kuna ukweli ndani yake, lakini wanasahau kitu kimoja. Neno bepari tulilipokea kutoka lugha za Kihindi, ambako maana yake ni mfanyabiashara tu, na ndivyo lilivyotumika pwani kabla ya kupata maana ya mnyonyaji. Kwa hiyo Mwalimu alichagua neno lenye sura mbili: kwa mzee wa pwani ni tafsiri sahihi kabisa, kwa kijana wa mwaka 1969 ni hukumu. Hakulazimika kuongeza hata tanbihi moja. Msomaji akumbuke jambo hili, maana machimboni tutakutana nalo tena na tena: kisawe kinaweza kuwa sahihi katika kamusi na papo hapo kikatoa hukumu.

Sasa tuje kwenye neno lililoitikisa nchi. Mwanzoni mwa Machi 2017 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje kitu ambacho Kiingereza hukiita "concentrate". Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote ya Kahama, ilikuwa inakizalisha. Kwa ufupi kazi ilivyo ni hivi: mwamba wenye dhahabu na shaba husagwa hadi kuwa unga laini, ukatiwa maji na kemikali, hewa ikapulizwa ili mapovu yapande na chembe za madini, mapovu yakaenguliwa na kukaushwa. Kinachobaki ni unga mzito wenye shaba, dhahabu na fedha, ambao ulikuwa unapelekwa ng'ambo kuyeyushwa.

Magazeti yetu yaliuita unga huo mchanga wa dhahabu. Hebu tulitazame neno hilo. Mchanga ni kitu cha bure. Unachota mtoni, mtoto anauchezea. Anayesema kwamba nchi imesafirisha mchanga amekwisha kusema, bila kutamka, kwamba hakuna kilichopotea. Kwa upande wa pili, mwananchi aliyesikia kuwa makontena 277 ya mchanga yamezuiliwa bandarini Dar es Salaam alijiuliza swali la haki kabisa: tangu lini mchanga ukavuka bahari? Kwa hiyo neno moja lilimtuliza mmoja na kumghadhibisha mwingine. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilipotoa taarifa yake tarehe 24 Mei 2017 na kusema kuwa ndani ya makontena kulikuwa na dhahabu nyingi kuliko iliyotangazwa, na kampuni ikakanusha, ubishi ulikuwa wa hesabu za maabara. Lakini vijiweni ubishi ulikuwa wa neno mchanga.

Ndipo likatia fora neno makinikia. Kwa kuangalia umbo lake, neno hili limejengwa juu ya makini: makini, makinika, makinikia. Lakini makini ni hali ya akili! Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili, kukaza fikra na kukoleza kitu, kwa sababu neno lenyewe lina taswira ya kukusanya vitu kuelekea katikati. Kifaransa hakikupata taabu hapo, kwani nacho kimerithi taswira hiyohiyo kutoka Kilatini: mwanafunzi anayesikiliza vizuri ni "concentré", na nyanya ya kopo ni "concentré de tomate". Kiingereza na Kifaransa katika maneno haya ni kama watoto wa ndugu. Wanarithishana bila wosia. Sisi hatumo katika ukoo huo. Tumechukua neno la akili tukalivika unga wa madini, na matokeo yake ni neno ambalo Mswahili hawezi kulikisia hata kidogo kwa kulisikia tu.

Mimi ningeanzia kwenye kukolea. Chai hukolea, rangi hukolea, mchuzi hukolezwa. Mkolezo wa madini angeuelewa bibi yangu, kwa sababu ndani yake mna habari kuu ya kitu chenyewe, yaani kilikuwa kingi na chepesi, sasa ni kidogo na kizito. Hata hivyo sipendekezi tuanze vita. Makinikia limekwisha kushinda. Lina sifa moja ambayo mkolezo usingekuwa nayo: kwa kuwa halikufahamika, liliwalazimisha watu kuuliza, na kila aliyeuliza aliambiwa habari za dhahabu, shaba na fedha. Ugeni wa neno ulifanya kazi ambayo uwazi wa mchanga uliizuia. Hapa nadharia yetu ya tafsiri ya mawasiliano, inayodai kisawe kieleweke papo kwa papo, inapata mtihani mgumu.

Neno la pili ni mrabaha. Lugha tatu, mitazamo mitatu. Kiingereza husema "royalty", neno lenye mfalme ndani yake: madini ni ya mfalme, nawe unayechimba unampa chake. Kifaransa husema "redevance", neno lenye deni ndani yake: unalipa kwa sababu unadaiwa. Kiswahili kimechukua kutoka Kiarabu neno lenye mzizi wa faida: mwenye mali anapata chumo. Hakuna kati ya hayo matatu ambalo ni tafsiri ya jingine. Kila moja limejibu kivyake swali la kwa nini mchimbaji alipe. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3, ya mwaka 2010 ikapandisha hadi 4, na marekebisho ya mwaka 2017 yakafika 6. Kwa mtu anayesikia mrabaha kama faida, asilimia 3 ilikuwa biashara mbovu. Kwa anayelisikia kama deni, swali ni nani alikubali kudai kidogo kiasi hicho. (Waandishi nao hulipwa mrabaha na wachapishaji. Wanaowafahamu wanajua kuwa wengi wako katika enzi ile ya asilimia 3.)

Hapa naomba msomaji avumilie jambo lenye hesabu kidogo, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Baada ya mazungumzo kati ya serikali na Barrick, yaliyoanza mwaka 2017 na kuzaa kampuni ya Twiga Minerals, ilitangazwa kwamba serikali itakuwa na hisa asilimia 16 katika migodi, na kwamba pande mbili zitagawana nusu kwa nusu kile ambacho Kiingereza kilikiita "economic benefits". Redio na magazeti yakasema: tutagawana faida hamsini kwa hamsini. Nilisikia ubishi huo ndani ya basi kutoka Kahama kwenda Shinyanga mjini. Jamaa mmoja akashikilia kwamba haiwezekani mwenye hisa 16 apewe faida 50, na kwamba mmoja kati ya hizo namba mbili ni uongo. Hesabu yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika tafsiri.

Kiingereza kina "profit" na kina "benefit". Ya kwanza ni kinachobaki baada ya gharama; ya pili ni chochote kinachokunufaisha: kodi, mrabaha, tozo, gawio la hisa, vyote vikijumlishwa pamoja. Kiswahili cha kila siku huyaita yote mawili faida. Nusu kwa nusu ilihusu jumla hiyo, kodi na mrabaha vikiwemo. Lakini faida, kwa muuza duka yeyote wa Kakola, ni kile kinachobaki kwenye droo jioni. Neno manufaa lilikuwepo, limekaa tu, halina kazi. Ungesema kugawana manufaa, na yule bwana wa kwenye basi angeuliza swali jingine, pengine gumu zaidi: kumbe kodi, ambayo ni haki ya nchi hata kama isingekuwa na hisa moja, inahesabiwa ndani ya fungu letu?

Waliosoma Kifaransa watatambua hapa mtego wanaouita marafiki wa uongo, yaani maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Kifaransa kina neno "bénéfice", ambalo mwanafunzi mvivu atalifanya kisawe cha "benefit" kwa kuwa yanafanana kama pacha. Lakini katika biashara "bénéfice" ni faida ileile ya kwenye droo. Mfasiri makini ataandika "avantages". Sisi hatuna kisingizio cha sura kufanana. Tumeuingia mtego wa Wafaransa bila hata kupita Ufaransa.

Maneno ya wachimbaji wenyewe yana maisha mepesi zaidi. Mashine ya kusaga mawe ni karasha, na ni nyingi hadi ngeli haikosewi: makarasha. Magogo ya kuzuia shimo lisiporomoke ni matimba. Watu wakimiminika mahali palipovumishwa dhahabu, hiyo ni rashi. Shimo lenyewe ni duara, na likitoa dhahabu wanasema limetema. Hakuna kamati iliyokaa. Neno la Kiingereza limemezwa lilivyo, likapewa irabu mwishoni, kesho yake lina wingi na lina vitenzi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wakongo nao wamefanya vivyo hivyo kwa Kifaransa, na mchimbaji wao ni "creuseur". Msafi wa lugha atanung'unika, lakini karasha halimdanganyi mtu.

Anayedanganya ni mdogo. Kiingereza huzungumzia "small-scale miner", yaani mtu anayechimba kwa kiwango kidogo. Udogo ni wa kiwango. Sisi tumesema mchimbaji mdogo, na sarufi ya Kiswahili, ambayo haina huruma, imeupeleka udogo kwa mtu mwenyewe. Mdogo ni mtoto, ni wa mwisho kuhudumiwa, ni asiye na neno barazani. Linganisha na sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002, ambayo kwa Kifaransa huita kazi hiyo "exploitation artisanale". Ndani ya neno hilo mna fundi, mtu mwenye ujuzi wa mikono. Sisemi kwamba mchimbaji wa Kongo anaishi vizuri zaidi kwa sababu ya kivumishi. Sote tunajua shida zao. Nasema kwamba katika karatasi za serikali mmoja ameandikwa fundi na mwingine ameandikwa mdogo, na kwamba nimeona huko Nyarugusu wazee wenye wajukuu, wanaousoma mwamba kama sisi tunavyosoma kitabu, wakiitwa kwenye semina ya wachimbaji wadogo.

Kuna nahau ya Kiingereza ambayo waandishi wetu wa habari wanaipenda mno: kutoacha jiwe bila kuligeuza, kwa maana ya kuchunguza hadi mwisho. Polisi hawataacha jiwe, tume haitaacha jiwe. Kiswahili kina lake zuri, kutafuta kwa udi na uvumba, na Kifaransa husema kutikisa mbingu na ardhi. Sasa nahau hiyo ya mawe ukiipeleka Geita inavuliwa unahau wake wote. Pale kuna watu ambao kazi yao ni hiyo hasa, kugeuza mawe.

Mawe hayo yanaitwa magwangala. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, huchimbua miamba mingi isiyo na dhahabu ya kutosha kuusagia, na kuimwaga kando. Kiingereza huiita "waste rock", mawe ya taka. Kifaransa huiita "stériles", yaani mawe tasa. Vijana na kina mama wa vijiji vya jirani hawakuona taka wala utasa, kwa sababu ndani ya mawe hayo mna dhahabu kidogo, na hicho kidogo ndicho ada ya shule. Wakalipa jina lisilohukumu: magwangala. Mwaka 2016 suala hilo lilifika kwa Rais John Magufuli, naye akaagiza wananchi wapewe mawe hayo. Ukitazama kwa jicho la mhakiki, mgogoro mzima ulikuwa wa tafsiri. Ikiwa ni taka, kwa nini mtu akamatwe kwa kuiokota? Ikiwa si taka, kwa nini iandikwe hivyo kwenye vitabu? Ndugu yake magwangala ni marudio, yaani mabaki ya unga uliokwisha kuoshwa kwenye mialo na ambao unauzwa tena ili uchenjuliwe upya. Kiingereza kimeyaona kama mkia, kitu cha mwisho. Kiswahili kimeyaona kama kitu kinachorudi. Nani mwenye macho hapo?

Nimalizie upande wa sheria, ambako neno moja linaweza kugharimu zaidi ya riwaya nzima. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kupitia upya mikataba ya maliasili yenye masharti ambayo Kiingereza cha sheria hukiita "unconscionable", yaani masharti ambayo mtu mwenye dhamiri hawezi kuyatetea. Kwa Kiswahili yakawa masharti hasi. Hasi! Neno la hisabati na la betri. Dhamiri imeondoka, na pamoja nayo ameondoka mtu aliyetenda. Masharti yamekuwa hasi yenyewe, kama halijoto ya mahali penye barafu. Katika jina la sheria pacha yake ya mwaka huohuo, Kiingereza kilisema mamlaka ya nchi juu ya maliasili ni ya kudumu. Jina la Kiswahili likataja mamlaka ya nchi, ule udumu haumo.

Wafaransa wana msemo wa kisheria unaonipendeza sana: sharti la mgawo usio wa haki huitwa "clause léonine", sharti la simba. Umetoka katika hadithi ya kale ya simba aliyewinda na wenzake kisha akachukua mafungu yote, hadithi iliyozaa pia nahau ambayo Kiingereza na Kifaransa vinashirikiana, fungu la simba. Sasa ni nani asiyemjua simba huyo Usukumani? Nani hakusimuliwa fisi aliyegawa nyama kwa haki akapigwa kofi, na sungura aliyejifunza kwa fisi akamwachia simba yote? Na kama hadithi ni ndefu mno kwa Gazeti la Serikali, methali ya mwenye kisu kikali ndiye mla nyama ipo. Masharti ya kisu kikali: mwanakijiji angejua mara moja ni nani ameshika kisu.

Utani huu una uzito kwa sababu tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Maelfu ya kurasa yanahitaji kutafsiriwa, na watakaoitwa kufanya kazi hiyo ni wahitimu wa idara zetu. Nitoe neno moja tu la mfano. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka anayenyang'anywa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia kamili, ya haki na "prompt". Hilo la mwisho kwa kawaida tunalitafsiri kwa wakati. Azimio la Haki la Wafaransa la mwaka 1789 halikucheza na saa: fidia lazima itangulie, ndipo mali ichukuliwe. Papo hapo, mapema, kwa wakati, kabla: hayo ni maneno manne, na kati ya la kwanza na la mwisho mtu anaweza kulala nje misimu miwili ya mvua.

Nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja wilayani Kahama, ambako mgeni wa kampuni moja alieleza kwa Kiingereza habari za kuhamisha kaya zilizo karibu na eneo la mgodi. Mkalimani wake, kijana mwenye Kiswahili safi, akatangaza kuwa fidia italipwa kwa wakati. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akawasalimu watu, "Mwadila," wakaitikia. Kisha akasema:

"Mwanangu, mimi najua wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Huo wakati unaousema wewe ni wa nani? Wangu au wa huyu mgeni?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mkalimani akamgeukia mgeni na kumwambia kwa Kiingereza kwamba mzee anaulizia tarehe. Mgeni akatabasamu, akajibu kuwa tarehe itatangazwa.